Sanduku na Hesabu: Kuunganisha Mtindo wa Objekti na Mtindo wa Fanksheni katika Java

Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa huwa na makufuli matatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti, ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Hesabu ya mkopo, kwa upande wake, haina kufuli. Mwanachama yeyote anayeijua katiba ya kikundi anaweza kukaa nyumbani kwake na kalamu na karatasi, akakokotoa kiasi anachostahili kukopa, na akirudia hesabu hiyo mara kumi atapata jibu lile lile mara zote kumi, wala hakuna shilingi itakayotoka sandukuni kwa sababu ya kukokotoa kwake. Swali ninalojiuliza kabla ya kuandika klasi yoyote limo katika tofauti hiyo: je, sehemu hii ya programu ni sanduku, au ni hesabu? Ikiwa ni sanduku, naiandika kwa mtindo wa objekti. Ikiwa ni hesabu, naiandika kwa mtindo wa fanksheni. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kufanya hivyo hatua kwa hatua kwa kujenga kiini cha programu ya daftari la kikundi, na umeandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye tayari anaandika Java na anatumia toleo la 21 au la baadaye.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Katika mtindo wa objekti, data na kazi zake hufungwa pamoja ndani ya klasi, hali ya ndani hufichwa, na wa nje hupeleka maombi tu kwa kuita methodi. Katika mtindo wa fanksheni, thamani ikishaundwa haibadiliki, na fanksheni hupokea thamani na kurudisha thamani nyingine bila kugusa kitu chochote nje yake: haiandiki kwenye hifadhidata, haitumi ujumbe, haiulizi saa ya kompyuta. Fanksheni ya namna hiyo nitaiita safi.

Mitindo yote miwili ni ya zamani. John McCarthy aliianzisha lugha ya Lisp katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1958, akitumia mawazo ambayo mwanahisabati Alonzo Church alikuwa ameyaweka katika miaka ya 1930. Na huko Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitengeneza Simula 67, lugha iliyoleta klasi na objekti. Lugha ya Scala, iliyobuniwa na Martin Odersky katika chuo cha EPFL mjini Lausanne na kutolewa kwa umma mwaka 2004, ilijengwa kwa kusudi hasa la kuziweka njia hizo mbili chini ya paa moja. Java ilifuata polepole: semi za lambda na mikondo ya data (streams) ziliingia katika Java 8 mwaka 2014, rekodi (`record`) katika Java 16 na aina zilizofungwa (`sealed`) katika Java 17, zote mwaka 2021, na ulinganishaji wa maumbo (pattern matching) ndani ya `switch` katika Java 21 mwaka 2023. Anayejifunza Java kwa vitabu vya kabla ya hapo anapata nusu ya lugha.

## Kosa linalotokana na kuchanganya

Programu ya kwanza niliyoandika kwa ajili ya kikundi cha akina mama wanaoweka akiba ilikuwa na methodi hii:

```java
public long hesabuRiba(Mkopo mkopo) {
    long riba = mkopo.getSalio() * 5 / 100;
    mkopo.setSalio(mkopo.getSalio() + riba);
    hifadhidata.hifadhi(mkopo);
    return riba;
}
```

Kwa miezi kadhaa ilifanya kazi vizuri, kwa kuwa iliitwa mara moja tu kila mwezi. Kisha nikaongeza ukurasa wa kumwonyesha mwanachama riba yake kabla ya siku ya kikao, na ukurasa huo ukaiita methodi ile ile, kwa sababu jina lake lilisema kwamba inahesabu. Kila mwanachama alipofungua ukurasa kutazama deni lake, deni liliongezeka. Aliyeligundua kosa ni mweka hazina, aliyekuwa bado anaandika kwenye daftari la karatasi, na nilitumia siku mbili kurudisha masalio ya watu kwenye viwango vyake vya kweli.

Kila mstari wa methodi hiyo, ukiutazama peke yake, ni sahihi. Kosa ni kwamba hesabu imewekwa ndani ya sanduku, kiasi kwamba haiwezekani kuuliza swali bila kufungua kufuli. Na si rahisi kulikamata kwa kusoma msimbo wa anayeiita, kwa kuwa yeye anaona `hesabuRiba` tu.

## Anza na thamani

Hatua ya kwanza ni kutafuta vitu ambavyo havina maisha ya kubadilika: kiasi cha fedha, tarehe, ombi, katiba. Elfu tano haigeuki kuwa elfu sita. Ukiongeza elfu moja unapata kiasi kingine. Vitu vya aina hii viandikwe kama rekodi.

```java
public record Fedha(long shilingi) {
    public Fedha {
        if (shilingi < 0)
            throw new IllegalArgumentException("Kiasi hasi");
    }
    public Fedha jumlisha(Fedha nyingine) {
        return new Fedha(Math.addExact(shilingi, nyingine.shilingi));
    }
    public Fedha toa(Fedha nyingine) {
        return new Fedha(shilingi - nyingine.shilingi);
    }
    public Fedha mara(int n) {
        return new Fedha(Math.multiplyExact(shilingi, (long) n));
    }
    public boolean inazidi(Fedha nyingine) {
        return shilingi > nyingine.shilingi;
    }
}
```

Tazama kwamba methodi hizi zimo ndani ya klasi na bado ni fanksheni safi. Wapo wanaodhani kwamba mtindo wa fanksheni unadai fanksheni ziishi nje, peke yake, na data ibaki uchi, sivyo. Linaloamua usafi ni kama methodi inabadilisha kitu au inategemea kitu kisichoonekana katika vigezo vyake, wala si mahali ilipoandikwa. Kuziweka hapa kunatupa faida ya objekti, yaani anayetafuta namna ya kujumlisha fedha anajua pa kuangalia, na mjengo wa rekodi (constructor, yaani sehemu inayoiunda) unahakikisha kwamba hakuna kiasi hasi kitakachowahi kuzunguka ndani ya programu.

Nimetumia namba nzima ya shilingi kwa makusudi. Aina ya `double` haiwezi kuhifadhi sehemu ya kumi kwa usahihi, ndiyo maana 0.1 ikijumlishwa na 0.2 katika Java hutoa 0.30000000000000004, na kosa dogo la namna hiyo likirudiwa katika mamia ya miamala huonekana siku ya mgao. Ikiwa hesabu zenu zina senti, hifadhini senti badala ya shilingi. Atakayechagua `BigDecimal` ndani ya rekodi akumbuke kwamba, kwa aina hiyo, 1.0 na 1.00 si sawa mbele ya methodi ya `equals`, na kwa kuwa rekodi hulinganisha yaliyomo kwa `equals`, rekodi mbili zenye kiasi kimoja zinaweza kuonekana tofauti.

Jambo la pili la kuangalia ni kwamba rekodi huzuia kubadilisha kilichoshikwa, lakini haizuii kilichoshikwa kujibadilisha chenyewe. Rekodi yenye orodha ya wanachama inaweza kuongezewa mwanachama na mtu mwingine aliyebaki na orodha ile ile mkononi. Dawa yake ni kunakili orodha mlangoni:

```java
public record Kikao(LocalDate tarehe, List<Integer> waliohudhuria) {
    public Kikao {
        waliohudhuria = List.copyOf(waliohudhuria);
    }
}
```

## Yaliyotokea yaandikwe kama yalivyotokea

Daftari la karatasi halifutwi. Mweka hazina haandiki salio jipya juu ya la zamani. Anaongeza mstari unaosema nini kilitokea, na salio hupatikana kwa kusoma mistari kuanzia juu. Programu inaweza kufuata utaratibu huo huo, na ikifanya hivyo sehemu kubwa ya hali inayobadilika hutoweka yenyewe.

```java
public sealed interface Tukio
        permits HisaZimenunuliwa, MkopoUmetolewa, RejeshoLimelipwa {
    LocalDate tarehe();
    int mwanachama();
}
record HisaZimenunuliwa(LocalDate tarehe, int mwanachama,
                        int idadi) implements Tukio {}
record MkopoUmetolewa(LocalDate tarehe, int mwanachama,
                      Fedha kiasi, Fedha riba) implements Tukio {}
record RejeshoLimelipwa(LocalDate tarehe, int mwanachama,
                        Fedha kiasi) implements Tukio {}
```

Riba imeandikwa ndani ya tukio la mkopo badala ya kukokotolewa kila salio linaposomwa. Kikundi kinaweza kubadilisha katiba mwezi Januari na kupandisha riba. Kama salio lingekokotolewa kwa katiba ya leo, madeni ya watu waliokopa mwaka jana yangepanda usiku mmoja bila mtu kuamua. Kilichokubaliwa siku ya mkopo ni sehemu ya historia, na historia ihifadhiwe kama thamani.

Kutoka kwenye matukio, hesabu ya mwanachama hupatikana kwa fanksheni mbili fupi, ambazo pamoja na kanuni nyingine zitakazofuata naziweka katika klasi moja iitwayo `Kanuni`:

```java
record Hesabu(int hisa, Fedha deni) {
    static final Hesabu TUPU = new Hesabu(0, new Fedha(0));
}

static Hesabu tumia(Hesabu h, Tukio tukio) {
    return switch (tukio) {
        case HisaZimenunuliwa t ->
            new Hesabu(h.hisa() + t.idadi(), h.deni());
        case MkopoUmetolewa t ->
            new Hesabu(h.hisa(),
                h.deni().jumlisha(t.kiasi()).jumlisha(t.riba()));
        case RejeshoLimelipwa t ->
            new Hesabu(h.hisa(), h.deni().toa(t.kiasi()));
    };
}

static Hesabu soma(int namba, List<Tukio> matukio) {
    var hesabu = Hesabu.TUPU;
    for (var tukio : matukio)
        if (tukio.mwanachama() == namba)
            hesabu = tumia(hesabu, tukio);
    return hesabu;
}
```

Baadhi ya wasomaji watashangaa kuona kitanzi cha `for` na kigeu kinachobadilishwa katika msimbo ninaouita wa fanksheni. Nimekiacha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kigeu hicho huzaliwa na kufa ndani ya `soma`; hakuna aliye nje anayeweza kukiona, kwa hiyo fanksheni kwa ujumla wake ni safi. Ya pili ni kwamba methodi ya `reduce` ya mikondo, ambayo wengi wangeikimbilia hapa, inadai uendeshaji ambao matokeo yake hayabadiliki hata vipande vikikunjwa kando na kuunganishwa baadaye, na kusoma daftari hakuko hivyo: mpangilio wa matukio una maana, na rejesho likisomwa kabla ya mkopo wake litaleta kiasi hasi. Kitanzi kinasema ukweli huo waziwazi.

Katika `tumia` hakuna tawi la `default`, na lisiwepo. Kwa kuwa `Tukio` limefungwa, kompaila inazijua aina zote zinazowezekana. Siku utakapoongeza `FainiImetozwa`, itakataa kukusanya programu mpaka umeshughulikia faini katika kila `switch` inayohusika. Ukiweka `default`, umejinyima mlinzi huyo, na faini itapita kimyakimya bila kuhesabiwa.

## Uamuzi urudishwe kama jibu

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe, yaani kuamua kama ombi la mkopo likubaliwe. Katika vikundi vingi mwanachama anaruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, mradi sandukuni kuna fedha za kutosha. Hapa nimeongeza sharti kwamba awe amemaliza deni la awali. Fanksheni inayoamua inapewa kila inachohitaji kupitia vigezo, ikiwemo tarehe ya leo.

```java
record OmbiLaMkopo(int mwanachama, Fedha kiasi) {}

record Katiba(Fedha beiYaHisa, int maraYaAkiba, int asilimiaYaRiba) {
    Fedha riba(Fedha kiasi) {
        return new Fedha(kiasi.shilingi() * asilimiaYaRiba / 100);
    }
}

sealed interface Jibu permits Limekubaliwa, Limekataliwa {}
record Limekubaliwa(MkopoUmetolewa tukio) implements Jibu {}
record Limekataliwa(String sababu) implements Jibu {}

static Jibu amuaMkopo(Hesabu h, Fedha sandukuni,
                      OmbiLaMkopo ombi, Katiba katiba, LocalDate leo) {
    var kikomo = katiba.beiYaHisa().mara(h.hisa())
                       .mara(katiba.maraYaAkiba());
    if (h.deni().inazidi(new Fedha(0)))
        return new Limekataliwa("Deni la awali halijaisha");
    if (ombi.kiasi().inazidi(kikomo))
        return new Limekataliwa("Ombi linazidi kikomo");
    if (ombi.kiasi().inazidi(sandukuni))
        return new Limekataliwa("Fedha sandukuni hazitoshi");
    return new Limekubaliwa(new MkopoUmetolewa(leo,
        ombi.mwanachama(), ombi.kiasi(), katiba.riba(ombi.kiasi())));
}
```

Fanksheni hii haitoi mkopo. Inarudisha jibu, na ndani ya jibu la kukubali kuna tukio ambalo bado halijaandikwa popote. Ukurasa wa kumwonyesha mwanachama kama anastahili unaweza kuiita mara elfu moja bila kumdhuru mtu, na lile kosa la riba nililolieleza haliwezi kutokea hapa hata kwa mwandishi asiye makini, kwa kuwa fanksheni haina mkono wa kuandikia.

Kukataliwa nako ni jibu la kawaida, si ajali, na kwa hiyo sikutupa eksepsheni. Eksepsheni naziwekea mambo ambayo kanuni za kikundi hazikuyatarajia: diski imejaa, mtandao umekatika, kiasi hasi kimeingia kutoka mahali kisipopaswa kutoka. Anayepokea `Jibu` na kulisoma kwa `switch` analazimishwa na aina yake kufikiria njia zote mbili, jambo ambalo eksepsheni isiyotangazwa haimlazimishi.

Tarehe ya leo inastahili mkazo wa peke yake, maana ndiyo inayosahauliwa zaidi. Ukiandika `LocalDate.now()` ndani ya kanuni, umeingiza kigezo kilichofichika, na jaribio lililopita leo linaweza kushindwa tarehe 1 ya mwezi ujao.

## Sanduku lenyewe

Kinachobaki ni kile chenye maisha: daftari linaloongezeka, na zamu ya kulishika. Hapa objekti ndiyo chombo sahihi, na sioni sababu ya kuikwepa.

```java
public interface Daftari {
    List<Tukio> soma();
    void andika(Tukio tukio);
}

public final class Kikundi {
    private final Daftari daftari;
    private final Katiba katiba;
    private final Clock saa;

    public Kikundi(Daftari daftari, Katiba katiba, Clock saa) {
        this.daftari = daftari;
        this.katiba = katiba;
        this.saa = saa;
    }

    public synchronized Jibu ombaMkopo(OmbiLaMkopo ombi) {
        var matukio = daftari.soma();
        var jibu = Kanuni.amuaMkopo(
            Kanuni.soma(ombi.mwanachama(), matukio),
            Kanuni.sandukuni(matukio, katiba),
            ombi, katiba, LocalDate.now(saa));
        if (jibu instanceof Limekubaliwa k)
            daftari.andika(k.tukio());
        return jibu;
    }
}
```

Fanksheni ya `sandukuni` sijaionyesha. Hupita juu ya matukio yote kwa namna ile ile ya `soma`, ikijumlisha hisa na marejesho na kutoa mikopo. Mpangilio wa `ombaMkopo` ndio ninaoomba uukariri, kwa kuwa utaurudia katika kila methodi ya klasi hii: soma kutoka nje, uliza fanksheni safi, andika jibu lake. Ndani ya methodi hakuna kanuni hata moja ya kikundi, na ukijikuta unaandika hapo `if` inayohusu kikomo au riba, irudishe upande wa hesabu.

Neno `synchronized` ni lile kufuli la sanduku. Tuseme sandukuni kuna shilingi 200,000, na wanachama wawili wanaomba 150,000 kila mmoja kwa wakati mmoja. Bila kufuli, nyuzi mbili (threads, yaani kazi mbili zinazoendeshwa kwa pamoja) zinaweza kusoma daftari lile lile, fanksheni ikazijibu zote mbili kwa usahihi kabisa kwamba fedha zinatosha, kisha zote zikaandika. Usafi wa fanksheni hautuokoi na hili, kwa sababu kosa halimo katika hesabu bali katika muda unaopita kati ya kusoma na kuandika, na kuulinda muda huo ni kazi ya objekti. Kufuli hili linafanya kazi ndani ya programu moja inayoendeshwa; ikiwa seva ni mbili au zaidi, ulinzi huo lazima uhamie kwenye muamala wa hifadhidata.

Upimaji unagawanyika kwa mstari huo huo. Kanuni hupimwa bila hifadhidata na bila objekti bandia:

```java
@Test
void ombiLililoSawaNaKikomoHukubaliwa() {
    var katiba = new Katiba(new Fedha(2_000), 3, 5);
    var h = new Hesabu(20, new Fedha(0));
    var ombi = new OmbiLaMkopo(7, new Fedha(120_000));
    var jibu = Kanuni.amuaMkopo(h, new Fedha(500_000),
        ombi, katiba, LocalDate.of(2024, 3, 4));
    assertInstanceOf(Limekubaliwa.class, jibu);
}
```

Hisa 20 za shilingi 2,000 ni akiba ya 40,000, na mara tatu yake ni 120,000. Jaribio la pili liombe 120,001 na litarajie kukataliwa. Majaribio ya namna hii unaweza kuandika kadhaa kwa dakika chache, na huendeshwa haraka mno. Kwa upande wa sanduku, majaribio machache yanatosha: kwamba mkopo uliokubaliwa umeandikwa, na kwamba uliokataliwa haukuandikwa.

## Lini `switch`, lini methodi ya interfesi

Swali hili huwasumbua waandishi kuliko mengine yote, na lina jibu linaloweza kufikiriwa kwa utulivu. Katika programu yetu kuna interfesi zinazofanana kwa sura lakini zinatumika kwa namna zilizo kinyume. `Tukio` limefungwa, na kazi zinazolihusu zimeandikwa nje yake kwa `switch`. `Daftari` liko wazi, na kazi zake zimo ndani ya kila klasi inayolitekeleza: moja inaweza kuhifadhi kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa ajili ya majaribio, nyingine kwenye faili, nyingine kwenye hifadhidata.

Jiulize ni upande upi utakaokua. Aina za matukio katika kikundi ni chache na hubadilika mara chache, kwa kuwa zinafuata katiba. Lakini mambo ya kufanya na matukio hayo huongezeka kila mwezi, maana leo wanataka salio, kesho taarifa ya mwaka, keshokutwa orodha ya wanaodaiwa. Ukizitia kazi hizo zote ndani ya kila rekodi, utafungua faili zote kila mara ombi jipya linapokuja. Kwa `switch`, kila kazi mpya ni fanksheni moja mpya, na ya zamani haiguswi. Kwa daftari hali ni kinyume: kazi ni mbili tu na hazitaongezeka, ila njia za kuhifadhi zinaweza kuwa nyingi, na kila njia mpya inakuja kama klasi moja bila kugusa zilizopo. Philip Wadler alilipa tatizo hili jina mwaka 1998 na kulijadili kwa undani, akilitazama kama jedwali ambalo safu zake ni aina na nguzo zake ni kazi: mtindo wa objekti hurahisisha kuongeza safu, mtindo wa fanksheni hurahisisha kuongeza nguzo. Java ya leo inakuruhusu kuchagua kwa kila jedwali, na usikubali kulazimishwa na mazoea kutumia chaguo moja kila mahali.

Kuna jambo linalofanana na hilo kuhusu lambda. Katiba yetu ina asilimia ya riba kama namba. Ningeweza kuweka `UnaryOperator<Fedha>`, ili kila kikundi kije na fanksheni yake, na hapo zamani ningeunda klasi mama yenye methodi tupu na watoto wanaoirithi. Fanksheni ni bora kuliko urithi huo. Hata hivyo namba ni bora kuliko fanksheni, ilimradi namba inatosha, kwa sababu namba inaweza kuhifadhiwa, kuonyeshwa kwa wanachama na kulinganishwa, ilhali lambda mbili zilizoandikwa kwa maneno yale yale hazihesabiwi kuwa sawa, na katiba zinazozibeba nazo huonekana tofauti. Tumia fanksheni pale tu vikundi vinapotofautiana kwa namna ya kukokotoa, si kwa kiwango.

Kuhusu mikondo nitasema kwa ufupi. Ni mizuri kwa kuchuja, kubadilisha na kupanga. Usiandike `forEach` inayoongeza vitu kwenye orodha iliyo nje yake. Ukiibadilisha siku moja kuwa mkondo sambamba, nyuzi kadhaa zitaiandikia `ArrayList` kwa pamoja, na baadhi ya vitu vitapotea. Maliza mkondo kwa `toList()`, upokee orodha mpya.

## Kuanzia kwenye programu iliyopo

Ni wachache wanaoanza na ukurasa mtupu. Ukiwa na programu ya zamani, usijaribu kuigeuza yote. Tafuta methodi moja inayohesabu na kuhifadhi kwa pamoja, kama ile yangu ya riba. Andika kwanza jaribio linaloshika tabia yake ya sasa. Kisha orodhesha kila inachokisoma, zikiwemo sehemu za klasi, saa na hifadhidata, na uvigeuze vyote kuwa vigezo vya methodi mpya ya `static`. Katika Java neno `static` lina msaada hapa, kwa kuwa kompaila itakataa methodi hiyo isiguse sehemu za objekti, japo haitakuzuia kuiuliza saa. Ifanye irudishe matokeo badala ya kuyaandika. Methodi ya zamani ibaki na jina lake na waitaji wake, lakini ndani yake ziwe hatua tatu: kusoma, kuuliza, kuandika.

Utakutana na klasi za hifadhidata zinazosimamiwa na JPA, yaani utaratibu wa Java wa kuunganisha objekti na majedwali ya hifadhidata. Hizo haziwezi kuwa rekodi, kwa kuwa kanuni za JPA zinadai mjengo usio na vigezo na klasi isiyo ya mwisho, nazo rekodi ni za mwisho daima. Ziache mpakani, ndani ya utekelezaji wa `Daftari`, na uandike methodi mbili za kubadilisha: kutoka safu ya hifadhidata kwenda rekodi, na kurudi. Msimbo huo wa kunakili unachosha, ninakiri, lakini ndio unaozuia objekti inayobadilika isivuke kuingia kwenye kanuni.

Mwisho ondoa vibadilishi, yaani methodi zinazoanza na `set`, kimoja baada ya kingine. Futa kimoja, kusanya programu, na usome orodha ya makosa ambayo kompaila inakupa. Kila mstari katika orodha hiyo ni mahali ambapo mtu alikuwa akiandika salio jipya juu ya la zamani. Mingine utaigeuza kuwa matukio mapya. Miwili au mitatu itakuwa ni hitilafu ambazo hakuna aliyekuwa amezigundua, na hizo zirekebishe kabla ya kufuta kibadilishi kinachofuata.